Kipande, Gereza na Askari Kanzu: Maneno ya Polisi kutoka Bandari ya Mombasa hadi Homa Bay na Migori

Utangulizi

Makala haya yanahusu kundi dogo la maneno. Ni maneno ambayo askari, karani wa korti na mtuhumiwa wa kosa dogo walirushiana katika bandari za Kenya wakati wa ukoloni: kibarua, kipande, gereza, jela, askari kanzu, mzururaji, hongo, na mengine ya ukoo huo. Wanaisimu wetu wameyashughulikia zaidi kwa upande wa asili. Hili ni la Kiarabu, hili la Kireno, hili la Kiingereza, na uchunguzi huishia hapo. Kazi hiyo ni ya lazima lakini haitoshi. Neno la mkopo halisafiri peke yake. Huchukuliwa na mtu, na mtu huyo huwa na sababu ya kulichukua.

Tunakusudia kuonyesha kwamba wakazi wa kusini mwa Ghuba ya Winam, yaani wa Homa Bay na Migori za leo, walikipokea Kiswahili kwa sehemu kubwa kutoka kinywani mwa askari, na kwamba msamiati waliourudisha kutoka Mombasa unatoboa jambo ambalo majalada ya korti hayalisemi waziwazi. Sehemu kubwa ya kile kilichoitwa uhalifu mdogo bandarini haikuwa wizi. Ilikuwa ni kukosa karatasi.

Njia ya maneno

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali palipopewa jina la Port Florence na ambapo leo ni Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Mwaka 1902 eneo hilo lote lilitolewa Uganda likaunganishwa na himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Meli za ziwani, kama Winifred na Sybil, zililetwa vipande vipande kwa reli na kuundwa upya Kisumu. Hivyo bandari ya bahari na bandari ya ziwa zikawa ncha mbili za kamba moja. Kusini mwa ghuba serikali iliweka boma lake la mwanzo Karungu, katika Migori ya leo, kabla ya kulihamishia Kisii mwaka 1907. Homa Bay ilikua polepole kama gati la meli na soko la mazao, na ilipata hadhi ya makao makuu ya wilaya ya Nyanza Kusini pale tu uhuru ulipokuwa unakaribia.

Kodi ndiyo iliyowatoa vijana nyumbani. Katika Kijaluo kodi huitwa osuru, na hapana shaka neno hilo ni ushuru wa Kiswahili. Serikali yenyewe huitwa sirkal. Mtu aliyetakiwa kulipa osuru kwa sirkal, na asiyekuwa na fedha, alipanda meli hadi Kisumu, akapanda gari la moshi hadi Mombasa, akatafuta kazi Kilindini, ambako gati za maji ya kina zilianza kutumika mwaka 1926. Kufikia wakati wa Vita vya Pili Wajaluo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya watu wa bara waliofanya kazi katika bandari hiyo.

Inafaa kusisitiza kwamba Kiswahili walichokikuta hapo hakikuwa kile cha washairi wa Mji wa Kale. Ushahidi mdogo lakini mzuri ni neno mwizi. Mvita wa asili husema mwivi, na wingi wake wevi. Lau wafanyakazi wa bara wangejifunza lugha barazani kwa wenyeji, tungetarajia kuwakuta wakisema mwivi. Hawasemi hivyo. Walichukua mwizi, yaani sura ya Kiunguja iliyoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka 1928, sura iliyotumika maofisini na vituoni. Neno la kumtaja mhalifu lilitoka kwa mwenye kumkamata, si kwa jirani aliyeibiwa.

Karatasi iliyogeuka mtu

Tuanze na kibarua. Barua ni neno la Kiarabu, na kibarua ni barua ndogo: cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili kuonyesha kwamba amefanya kazi siku hiyo na anastahili ujira wake. Baadaye jina la karatasi likapewa kazi yenyewe, kisha likapewa mtu. Kisarufi jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Neno lilibaki na kiambishi chake cha ki-, ingawa mwenye jina ni binadamu. Twasema kibarua amefika, lakini umbo la neno bado linakumbuka karatasi. Wajaluo nao waliichukua barua, wakaipa wingi wa kwao, barupe, kana kwamba ilizaliwa Karachuonyo.

Kipande ni jambo zito zaidi. Maana yake ya asili ni sehemu iliyokatwa ya kitu. Katika ajira kilikuwa kadi ambayo siku za kazi ziliwekewa alama. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, na kutoka hapo kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alitakiwa achukue hati yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na habari za waajiri wake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Kutokuwa nayo kulikuwa kosa la jinai. Kuondoka kazini kabla mwajiri hajatia sahihi kulikuwa kosa pia, na polisi walimfuata mtoro kwa nambari yake hadi kijijini kwao.

Hapa ndipo msamiati unapofichua mengi. Ukitazama maneno ya karatasi katika Kiswahili cha wakati huo utaona kwamba kila lugha iliyopita pwani imetoa lake: barua ya Kiarabu, cheti cha Kihindi, pasi ya Kiingereza, na kipande cha Kibantu. Utajiri huu si wa bahati. Bandari ni mahali ambapo kila mtu ni mgeni, na utawala usiowajua watu kwa nyuso wala kwa koo ulitaka kuwajua kwa maandishi. Mtu wa Karungu aliyekuwa anajulikana nyumbani kwa baba yake, babu yake na mlango wa ukoo wake, alifika Kilindini akawa hana ushahidi wowote wa kuwa yeye ni nani isipokuwa kile kikasha cha shingoni. Kilipoibwa, na vikasha viliibwa, yeye ndiye aliyefungwa.

Malalamiko hayakuchelewa. Mnamo Desemba 1921 mkutano mkubwa ulifanyika Lundha, katika Gem, ukakumbukwa kwa jina la Piny Owacho. Vijana waliokuwa wamesoma shule za misheni, Jonathan Okwiri akiwa mmoja wa viongozi wao, walitaka kipande kiondolewe pamoja na kazi za kulazimishwa, na walipinga nchi kugeuzwa koloni. Sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote ilipitishwa mwaka 1947 tu, na walowezi waliotakiwa kuweka alama za vidole wakaona wamevunjiwa heshima. Jambo walilokuwa wameliona la kawaida kwa wengine kwa muda wa miaka ishirini na zaidi sasa lilikuwa tusi.

Ndugu wa kipande ni uzururaji. Kitenzi kuzurura, katika matumizi ya nyumbani, ni lawama nyepesi. Mama humwambia mwanawe aache kuzurura. Katika mikono ya polisi lawama hiyo iligeuka shitaka. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, iliyochukua nafasi ya ile ya Uhindi iliyokuwa ikitumika tangu 1897, ilikuwa na vifungu juu ya wavivu na wazururaji, na mwaka 1949 ikaongezwa sheria juu ya wale waliosemekana hawana kazi kwa hiari yao. Shida ya serikali kule Mombasa ilikuwa kibarua yule yule: alifanya kazi siku alizotaka, akapumzika siku nyingine, na siku aliyopumzika, machoni mwa askari, hakutofautiana na mwizi anayengoja giza. Katika miaka ya 1940 vibarua wa bandari wakaanza kuandikishwa. Mgomo mkuu wa Januari 1947 ulipozuka, ukadumu siku 12, na wagomaji wakakutanika katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, serikali ilikuwa tayari na desturi ya kuutazama umati wa watu wasio kazini kama suala la polisi.

Twaongeza kwamba jambo hili si la makavazi tu. Mwezi wa Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni zinapingana na Mkataba wa Afrika.

Gereza, jela na od twech

Asili ya gereza inajulikana vyema kwa wasomaji wa jarida hili: ni igreja, kanisa la Kireno. Safari ya neno hilo kutoka kanisa hadi ngome na kutoka ngome hadi kifungo inaonekana kwa macho kule Kilwa Kisiwani, ambako ngome kongwe bado huitwa Gereza, na kule Mombasa, ambako Ngome ya Yesu ilifanywa jela ya serikali mwaka 1895 na ikabaki hivyo hadi 1958, kabla ya kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1960. Kwa mtu wa pwani basi, gereza lilikuwa jengo lililojulikana, lenye kuta, mizinga na historia.

Mjaluo hakulichukua neno hilo. Alichukua jela, la Kiingereza, kwa kuwa kule Kisii na baadaye Homa Bay kifungo kilikuja pamoja na hakimu wa Kiingereza, hakikuja na ngome. Kisha akalitafsiri jambo lenyewe kwa maneno yake: od twech, nyumba ya kufungwa kamba, kutokana na kitenzi tweyo, kufunga. Huu ndio mlingano mzuri kuliko yote katika kundi letu, kwa sababu Kiswahili nacho hutumia kifungo na mfungwa, kutokana na kufunga. Lugha mbili za koo mbalimbali kabisa, moja ya Kibantu na nyingine ya Kiniloti, zilipotakiwa kulitaja jengo la kuwekea watu, ziliona kwanza kamba. Hatuoni sababu ya kusema kwamba moja iliiga nyingine. Yaelekea zote mbili zilitazama jinsi watu walivyopelekwa huko.

Askari na hali ya kuamuru

Askari ni neno la Kiarabu, na lilifika bara mapema pamoja na misafara. Kikosi cha kwanza cha polisi Mombasa kilikuwa mchanganyiko wa Wahindi, Wasomali, Wasudani na Waswahili. Katika Kijaluo neno hilo limeota mizizi hadi kupata wingi wake wenyewe, askeche, na neno la kigeni likishabadilishwa konsonanti yake kwa kanuni za lugha mwenyeji, hilo limekwisha kuwa raia.

Askari kanzu ni kisa kingine. Pwani, askari asiyevaa sare alivaa kanzu, na hiyo ndiyo iliyokuwa busara ya jambo lenyewe: kanzu lilikuwa vazi la kila mtu, likamficha. Lakini neno lilipopanda bara lilikuta nchi ambayo kanzu lilivaliwa na wachache, yaani machifu walioteuliwa na serikali, watu wao, na Waislamu wafanyabiashara wa mahali kama Kendu Bay. Vazi lililomficha mpelelezi kule Mwembe Tayari lilimtangaza katika soko la Homa Bay. Neno lilibaki lile lile, na maana yake ikageuka kichwa chini miguu juu: kutoka askari asiyeonekana hadi mtu wa chifu ambaye kila mmoja alimwona akija.

La muhimu zaidi kwetu ni namna askari alivyozungumza. Kiswahili cha kituoni kilikuwa lugha ya amri. Simama. Toa. Lete. Kaa chini. Kipande iko wapi? Wewe natoka wapi? Upatanisho wa ngeli uliondolewa (kipande kiko wapi hakikuhitajiwa na mtu mwenye rungu), kiambishi cha nafsi kikaachwa, na mnyambuliko wa heshima, kama naomba unionyeshe, haukusikika kabisa. Mara nyingi tumewasikia walimu wakinung'unika kwamba wanafunzi kutoka Nyanza hukipokea Kiswahili kwa mashaka, na kwamba hata baada ya lugha hiyo kufanywa somo la lazima lenye mtihani katika mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, wazee wengine waliendelea kuiona kuwa lugha ya ukali. Tatizo hilo hutafutiwa sababu katika tofauti ya kimuundo baina ya Kijaluo na Kibantu. Sababu hiyo ipo. Lakini lugha ambayo mtu ameisikia kwanza katika hali ya kuamuru, yeye akiwa ndiye anayeamrishwa, hawezi kuidhania ina hali nyingine.

Wizi wenyewe

Msomaji asidhani kwamba tunakanusha kuwepo kwa wezi. Walikuwako. Shehena za Kilindini zilipungua kati ya meli na ghala, na Kiswahili kina neno lake mahususi, udokozi, ambalo asili yake ni jikoni: mtoto hudokoa nyama chunguni. Mdokozi wa bandarini alitoboa gunia la sukari au la mchele, akachukua kiasi cha kutia mfukoni. Mnyapara, ambaye jina lake lilikuwa la kiongozi wa wapagazi katika misafara, mara nyingine alijua na akanyamaza kwa fungu lake. Hongo nayo ilikuwa zamani ada iliyolipwa na msafara kwa mtawala wa nchi unayopitia. Katika mji wa kikoloni ikawa fedha ya kumpa askari ili upite. Maana imeshuka hadhi, ila muundo wa jambo haukubadilika sana.

Aliyeumizwa zaidi na wezi hakuwa kampuni ya meli. Alikuwa kibarua mwenzao, aliyelala chumba kimoja na wenziwe Majengo huku ujira wake umefungwa katika pindo la nguo. Huyo alipoibiwa hakwenda kituoni, kwa maana kituoni angeulizwa kipande kwanza. Alipiga kelele ya mwizi, na mwito huo, tangu zamani hadi leo, humwita jirani wala haumwiti polisi. Matokeo yake mara nyingi yalikuwa ya kikatili.

Watu wa Nyanza walijiwekea pia ulinzi wao. Chama cha Luo Union kilikuwa na matawi katika miji mikubwa, kikasaidia wagonjwa na kusafirisha maiti nyumbani, lakini kilijitwika pia kazi ya kuwarudisha kijijini wanawake ambao wanachama waliona wanaaibisha kabila. Mwanamke aliyepandishwa gari la moshi kwa namna hiyo alikuwa amehukumiwa bila korti, bila wakili na bila rufaa. Sifa nyingi anazopewa mtu wa mjini aliyejilinda mwenyewe zafaa kupimwa na jambo hili.

Mpaka wa Migori

Kule nyumbani sheria ilitumia mizani nyingine. Kutokana na sheria ya adhabu ya pamoja ya mwaka 1909, na ile ya wizi wa mifugo ya mwaka 1913 iliyoruhusu faini ya mara kumi ya thamani ya mnyama, ukoo mzima uliweza kutozwa kwa kosa la mmoja. Wakuria walilijua jambo hili sana. Mtu mmoja basi aliweza kuwa nambari Mombasa na kuwa ukoo Migori, kwa serikali ile ile, katika mwaka ule ule.

Mpaka uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kisha ukapitishwa ndani ya ziwa mwaka 1890, uliwakata Wakuria sehemu mbili. Kwa miongo mingi ulivukwa bila shida kubwa. Tanzania ilipoufunga mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikielekea kuvunjika, mwanamke wa Isebania aliyekuwa akipeleka mahindi Sirari kwa miguu akawa kwa siku moja mtu wa magendo. Mzigo ulikuwa ule ule, na njia ile ile. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, na neno magendo likabaki katika mitumbwi ya Muhuru Bay na Karungu.

Hata hivyo Migori ilipata kitu ambacho Homa Bay haikukipata kwa wingi huo. Kiswahili cha ng'ambo ya pili, cha Tarime na Musoma, kiliingia sokoni pamoja na bidhaa, kikiwa na habari za asubuhi, tafadhali na samahani, mikononi mwa watu waliokuwa wanauza, si kukamata. Tungependa kuona utafiti wa lahaja unaolinganisha masoko haya mawili, neno kwa neno, kabla wazee waliokisikia Kiswahili cha kituoni hawajatutoka.

Watungaji wa kamusi nao wana kazi. Rasmi, hati ya mwananchi wa Kenya huitwa kitambulisho, jina zuri lililoundwa kwa kutambua. Lakini hadi leo kijana wa Homa Bay anayesimamishwa na polisi usiku huulizwa kipande, naye hukitoa mfukoni bila kuuliza maana. Idahizo la kipande lihesabu matumizi hayo kuwa ya sasa, na lisiyaweke chini ya alama ya maneno ya kale.